Je, alama za kozi zinatosha kuthibitisha kwamba malengo ya shahada ya uzamili yamefikiwa?

Mwalimu wa Jioni (Kampala) anauliza:

Ndugu wanajukwaa,

Ninafundisha katika programu ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Wanafunzi wetu ni wahandisi wanaoshinda kazini, wengine kwenye barabara, wengine kwenye maji, umeme au viwanda, na wanaingia darasani saa kumi na moja jioni wakiwa bado na vumbi la mradi kwenye viatu. Mwaka huu programu inapitiwa upya kabla ya kupelekwa tena mbele ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kuandika sura inayoeleza malengo ya kujifunza na namna tunavyopima kama yamefikiwa.

Malengo yetu ni tisa, na tuliyarithi kutoka kwa waliotutangulia. Lengo la nne linasema kwamba mhitimu "atakuwa na uelewa mpana wa usimamizi wa gharama na ratiba za miradi ya kihandisi." Lengo la saba linamtaka awe "kiongozi mwadilifu mwenye mtazamo wa kimkakati." Nililiunganisha kila lengo na kozi iliyo karibu nalo, nikachukua wastani wa alama za kozi hiyo kwa miaka mitatu, kisha nikaandika kwamba lengo la nne limefikiwa kwa kuwa wastani ni asilimia 71. Rasimu ilirudi kutoka ofisi ya uthibiti ubora ikiwa na maandishi mekundu pembeni: "Hizi ni alama za wanafunzi. Ushahidi wa lengo uko wapi?"

Nakiri kwamba niliudhika. Mtihani nimeutunga mwenyewe kwa kufuata mtaala, nimeusahihisha kwa mwongozo, na mtahini wa nje ameupitia na kuridhika nao. Kama mtu amepata 71 katika kozi ya gharama na ratiba, kwa nini nisiseme kwamba anajua gharama na ratiba? Aliye na uzoefu anieleze pia kama malengo tisa ni mengi mno, na nifanye nini na kazi za vikundi, maana nusu ya kazi zetu hufanywa kwa vikundi vya watu watano na najua, ingawa sina uthibitisho, kwamba si wote watano wanaofanya kazi.

Mpimaji wa Mbarara anajibu:

Mwalimu, pole kwa maandishi mekundu. Mimi niliyapata miaka minne iliyopita na sikulala vizuri kwa wiki nzima. Aliyekuandikia hayo hakukosea, hata kama angeweza kuyasema kwa upole zaidi.

Alama ya kozi ni chungu kimoja kilichopikiwa vitu vingi. Ndani yake mna majaribio mawili, kazi ya kikundi, insha, mtihani wa mwisho, na mara nyingi alama chache za kuwasilisha kazi kwa wakati. Kila kimoja kinapima jambo lake, na vikishachanganywa huwezi tena kuonja kimoja peke yake. Ukiwa na wanafunzi wawili wenye 71, inawezekana kabisa kwamba mmoja hawezi kupanga ratiba lakini anaandika vizuri, na mwenzake anapanga ratiba bila tatizo lakini hawezi kumweleza mtu yeyote kwa nini kazi imechelewa. Alama hiyo inatosha kumvusha mwanafunzi muhula. Ni wewe usiyeweza kuitumia kujua programu yako ina udhaifu gani, na hilo ndilo ofisi ya uthibiti ubora inalotaka ulijue.

Nitatoa mfano wa swali ambalo wengi wetu tumewahi kulitunga. Mradi wa maji wa mji mdogo una bajeti ya shilingi milioni 1,800. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita, kazi iliyopangwa kuwa imekamilika ilikuwa na thamani ya milioni 900, iliyokamilika kweli ina thamani ya milioni 720, na fedha zilizotumika ni milioni 810. Mwanafunzi anagawanya 720 kwa 810 na kupata 0.89, yaani kazi iliyopatikana kwa kila shilingi iliyotumika, anagawanya 720 kwa 900 na kupata 0.80, yaani sehemu ya kazi iliyopangwa ambayo imekamilika, kisha anagawanya bajeti kwa ile 0.89 na kukadiria kwamba kwa mwendo huo mradi utamalizika kwa milioni 2,025. Hesabu ni sahihi, na kwa mwongozo wangu wa zamani angeondoka na alama 18 kati ya 20.

Lakini hakuna anayemlipa meneja wa mradi kwa kugawanya. Tarakimu ya 2,025 imebeba dhana ndani yake, kwamba kilichoharibu miezi sita ya mwanzo kitaendelea kuharibu hadi mwisho. Ikiwa gharama ilipanda kwa sababu mitambo ya kukodi ilikaa bure wiki sita wakati wenye mashamba hawajalipwa fidia ili bomba lipite, na fidia hiyo sasa imelipwa, basi kazi iliyobaki, yenye thamani ya milioni 1,080, huenda ikafanyika kwa bei iliyopangwa na mradi ukaishia milioni 1,890. Ikiwa chanzo ni mkandarasi aliyeweka bei ya chini ili ashinde zabuni, hata hiyo 2,025 inaweza kuwa ndogo. Lengo lenu la nne, kwa jinsi ninavyolielewa, linamtaka mhitimu ajue ni tarakimu ipi aipeleke mbele ya bodi na aitetee. Swali langu la mtihani halikuwahi kuuliza hivyo hata mara moja, kwa miaka sita.

Kwa hiyo anza na maneno ya lengo lenyewe. "Uelewa mpana" haupimiki kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuuona. Sisi tuliandika upya hivi: "Mhitimu ataweza kukadiria gharama na muda wa kukamilisha mradi ulio katikati ya utekelezaji, kuchambua chanzo cha tofauti kati ya mpango na hali halisi, na kutetea kwa maandishi hatua anayoipendekeza." Vitenzi hivyo vitatu vinaonekana kwenye karatasi. Wanaofuata ngazi za Bloom, zinazopanga malengo ya kujifunza kuanzia kukumbuka na kuelewa kwenda juu, zilizotolewa 1956 na kupangwa upya 2001, watatambua kwamba tumepanda kutoka kuelewa hadi kuchambua na kutathmini, na sioni sababu ya shahada ya uzamili kuridhika na ngazi za chini.

Kisha chagua kazi moja tu, ambayo wanafunzi wanaifanya tayari, iwe ndiyo dirisha la kulitazamia lengo hilo. Usitunge mtihani mpya. Hakuna mwenye muda wa kuusahihisha. Sisi tulichukua ripoti ya mradi ya muhula wa tatu. Ripoti inasahihishwa kama kawaida ili mwanafunzi apate alama yake, halafu inasomwa mara ya pili kwa jedwali la vigezo lenye safu tatu, moja kwa kila kitenzi, na viwango vinne. Usomaji huo wa pili haumwongezei wala kumpunguzia mwanafunzi chochote, kwa maana hapo anayepimwa ni sisi.

Jedwali lenyewe lilitutoa jasho, na nitaeleza kwa sababu watu hulichukulia kuwa jambo la jioni moja. Mimi na mwenzangu tulisoma ripoti kumi, kila mtu peke yake. Kwenye ripoti ya tatu, katika safu ya "kutetea hatua," mimi nilimpa mwanafunzi kiwango cha 4 na mwenzangu akampa 2. Mwanafunzi alikuwa ameandika: "Napendekeza kuitishwe mkutano wa dharura na mkandarasi." Mimi niliona hatua. Mwenzangu akauliza, "Mkutano wa kuamua nini?" Tulibishana dakika arobaini, chai ikapoa, na mwishowe nikakubali kwamba nilikuwa nimemzawadia mwanafunzi kwa neno "dharura." Tuliyaandika upya maelezo ya kiwango cha 3 katika safu hiyo yaseme kwamba hatua inataja nani atafanya nini, lini, na itagharimu kiasi gani. Kiwango cha 4 kinaongeza kwamba mwandishi ametaja angalau njia nyingine moja na kueleza kwa nini ameiacha. Tulipozisoma ripoti upya tulitofautiana kwenye moja tu, na kwa kiwango kimoja.

Mhandisi wa Jinja anajibu:

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, ila naona walimu mmezungumza kana kwamba ripoti ndefu ndiyo kazi ya mhandisi meneja. Mimi nimesimamia wahandisi kwa zaidi ya miaka ishirini na nimeajiri wahitimu wa programu kama hiyo kutoka vyuo mbalimbali. Sijawahi kumwomba hata mmoja wao ripoti ya kurasa sitini. Ninachomwomba ni barua ya kurasa mbili, ifike mezani kesho asubuhi, inieleze kama tumkubalie mkandarasi siku 45 za nyongeza anazozidai kwa sababu ya mvua.

Hapo ndipo wanapokwama. Mhitimu ananiletea ratiba iliyopakwa rangi nzuri, lakini hajafungua mkataba kuona kama mkandarasi alitoa taarifa ndani ya muda uliowekwa, wala hajatafuta kumbukumbu za mvua kuona kama mvua ya Aprili mwaka huu ilizidi ile ambayo mkandarasi yeyote wa Uganda alipaswa kuitarajia mwezi huo. Mvua ya Aprili si habari mpya kwa mtu yeyote. Hesabu anazijua, ila hajui kwamba swali alilopewa ni la mkataba. Lengo la nne, hata lilivyoandikwa upya na Mpimaji wa Mbarara, halina neno mkataba ndani yake, na kwa maoni yangu hilo ni pengo.

Pia mnatazama miradi mipya tu. Hapa Jinja tuna bwawa lililofunguliwa 1954, ambalo zamani liliitwa Owen Falls na leo ni Nalubaale. Sehemu kubwa ya kazi ya meneja wa uhandisi nchini ni kuamua kama mtambo wa zamani ukarabatiwe, ubadilishwe, au uachwe uendelee mwaka mmoja zaidi, wakati fedha hazitoshi kwa yote. Kama katika malengo tisa hakuna hata moja linalogusa matunzo ya mitambo iliyopo, basi msilaumu waajiri wakisema wahitimu wanajua kujenga lakini hawajui kutunza.

Jambo la mwisho ni hili dodoso mnalotutumia kila mwaka. "Kwa kipimo cha 1 hadi 5, umeridhika kiasi gani na mhitimu wetu?" Mimi huweka 4 kila mahali ili nirudi kazini, na sidhani kama niko peke yangu. Nileteeni barua tano za wanafunzi bila majina, mniulize ni ipi ningeitia sahihi. Hilo nitalifanya kwa moyo.

Mwanafunzi wa Muhula wa Tatu anajibu:

Kwa heshima ya walimu na wahandisi walionitangulia, naomba niseme neno kuhusu kazi za vikundi, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale watano.

Katika kikundi chetu cha mwisho, wawili walifanya uchambuzi, mmoja alipanga kurasa na picha, mmoja alilipia uchapishaji, na wa tano alikuwa kwenye mradi nje ya Kampala, akituma ujumbe wa kututia moyo. Wote tulipata 74. Sitaji hili kwa kulalamika juu ya wenzangu, maana muhula uliotangulia mtu wa mbali nilikuwa mimi, nikiwa Gulu kwa wiki saba, na alama niliyoipata haikuwa yangu. Kama chuo kinaitumia 74 hiyo kama ushahidi kwamba watu watano wanaweza kuchambua tofauti ya gharama, basi ushahidi huo una walakini mkubwa, na sisi wanafunzi tunalijua hilo kabla ya ofisi ya uthibiti ubora kulijua.

Mhadhiri mmoja aliwahi kutufanyia jambo ambalo hatukulipenda siku ile. Baada ya kikundi kuwasilisha ripoti, alimwita kila mtu peke yake kwa dakika kumi, akabadilisha tarakimu moja katika mradi wetu wenyewe, na kuuliza ni nini kinachobadilika. Aliniambia, "Saruji imepanda kwa asilimia 15 kuanzia mwezi wa nane. Ni sehemu gani ya pendekezo lako bado imesimama?" Nilijua jibu kwa sababu sura hiyo niliiandika mimi. Aliyenifuata alitoka baada ya dakika tatu. Kwa darasa la watu 20 hiyo ni kazi ya jioni mbili, na inatenganisha alama ya kikundi na uwezo wa mtu.

Ombi langu jingine ni kwamba hilo jedwali la vigezo tupewe mwanzoni mwa muhula. Mara nyingi tunaliona baada ya alama kutoka, wakati tayari tumeandika "mkutano wa dharura."

Mthibiti Ubora (Kampala) anajibu:

Sikuandika yale maandishi mekundu, ila nafanya kazi ya aina hiyo katika chuo kingine, na huenda siku moja nimeyaandika kwa mtu mwingine. Nianze na idadi ya malengo, ambayo bado haijajibiwa.

Tisa ni mengi kwa programu ya miaka miwili, hasa kwa kuwa mara nyingi mengi hivyo hutokana na kunakili kutoka nje. ABET ya Marekani, shirika linalotoa ithibati kwa programu za uhandisi, ilikuwa na matokeo 11 ya mwanafunzi wa uhandisi, na kuanzia mzunguko wa 2019 hadi 2020 iliyapunguza yakawa 7, na hayo yanahusu shahada ya kwanza. Mkataba wa Washington wa 1989, ambao kwa huo vyombo vya ithibati vya nchi mbalimbali hutambuliana, nao unahusu shahada za kwanza za uhandisi. Nimekuta programu za uzamili ambazo zimechukua orodha hizo nzima, zikaongeza neno "kwa kina" kila mahali, zikadhani zimepanda ngazi. Mwanafunzi wenu ameingia akiwa tayari ni mhandisi. Kumwandikia lengo kwamba "ataweza kutumia hisabati na sayansi" ni kumrudisha alikotoka. Kilicho karibu nanyi zaidi ni Mfumo wa Sifa za Elimu ya Juu wa Afrika Mashariki wa 2015, uliotolewa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Kampala. Soma yanayosemwa humo kuhusu uzamili kabla ya kuvuka bahari.

Malengo matano yanatosha. Msiyapime yote kila mwaka. Pimeni mawili, mwaka unaofuata mawili mengine, ili kila lengo liwe limeguswa angalau mara mbili ndani ya kipindi cha ithibati. Mnaopima yote tisa kila mwaka mnazalisha makabati ya karatasi ambazo hakuna azisomaye, pamoja na mimi.

Kuhusu lengo la saba, la "kiongozi mwadilifu," nashauri msilifute kwa sababu tu ni gumu kupima. Uadilifu wa moyoni si kazi ya chuo kuupima, ila uamuzi unaoonekana unapimika. Mpeni mwanafunzi kisa ambamo mjumbe wa kamati ya tathmini ya zabuni amegundua kwamba kampuni moja iliyoomba ni ya shemeji yake, tarehe ya mwisho imebaki siku tatu, na akijiondoa kamati itakosa mtaalamu wa umeme. Aandike atafanya nini, kwa kurejea Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2003 na kanuni za taaluma yake. Hapo mtaona nani anautambua mgongano wa maslahi, nani anaujua utaratibu, na nani anatafuta namna ya kuuzunguka. Kwa lugha ya jedwali lenu, hizo ni safu tatu.

Nina onyo moja kuhusu tarakimu. Kama darasa lina wanafunzi 14, mwanafunzi mmoja ni asilimia 7. Nimesoma ripoti iliyoshangilia kwamba lengo "limeimarika kutoka asilimia 79 hadi asilimia 86," kumbe ni mtu mmoja: waliofikia lengo walikuwa 11, wakawa 12. Andikeni idadi ya watu, unganisheni makundi ya miaka miwili au mitatu, na wekeni kiwango mnachokitarajia kabla ya kusoma ripoti hata moja. Ukikiweka baada ya kusoma, utakiweka pale ambapo wanafunzi wako wameangukia.

Cha mwisho, na hiki ndicho ambacho Mwalimu wa Jioni hakukiuliza: wapimaji wa nje wakija, kwa uzoefu wangu, hawasumbuliwi na lengo ambalo halikufikiwa. Wanasumbuliwa na lengo ambalo halikufikiwa mwaka jana, halikufikiwa mwaka huu, na katikati ya miaka hiyo hakuna kilichobadilishwa. Sura yako iwe na ukurasa unaosema: tuliona hivi, tukabadilisha hivi katika wiki fulani ya kozi fulani, na tutaangalia tena muhula fulani. Programu iliyotimiza kila lengo kwa asilimia mia hunifanya nivae miwani.

Mwalimu wa Jioni (Kampala) anarejea:

Nawashukuru wote. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu niliona ni afadhali nijaribu kabla ya kubisha.

Nilichukua ripoti 12 za mwaka jana kutoka kabatini, nikafunika majina kwa karatasi na gundi, na mwenzangu wa kozi ya ununuzi akakubali kuzisoma nami kwa jedwali la safu tatu. Kabla ya kuanza tuliandika kwamba tunatarajia watu 9 kati ya 12 wafikie kiwango cha 3. Katika kukadiria, 11 walifika. Katika kuchambua chanzo, 7. Katika kutetea hatua, 4. Wawili kati ya waliobaki kwenye kiwango cha 1 katika safu hiyo ya mwisho walikuwa na alama 78 katika kozi yangu, yaani walikuwa juu ya wastani ambao niliuandika kwa fahari katika rasimu. Na Mpimaji wa Mbarara afahamu kwamba "mikutano ya dharura" ilikuwa mitano.

Nilirudi kwenye mitihani yangu ya miaka mitatu nikahesabu. Kati ya maswali 18, yaliyomtaka mwanafunzi achague na kutetea yalikuwa mawili, na yote yalikuwa ya hiari. Wanafunzi wenye akili huyakwepa maswali ya hiari yasiyo na hesabu, na mimi mwenyewe ningeyakwepa. Nilikuwa sijawafundisha, sijawauliza, halafu nikaandika kwamba lengo limefikiwa.

Tumekubaliana na mkuu wa idara mambo machache. Malengo yatakuwa matano, na matunzo ya mitambo iliyopo yataingia katika lengo la pili, kwa shinikizo la Jinja. Wiki ya sita ya kozi yangu itakuwa ya madai ya mkandarasi, tukisoma masharti ya mkataba mstari kwa mstari. Ripoti ya kurasa sitini inabaki kwa sababu kanuni za chuo zinaitaka, ila kutakuwa na barua ya kurasa mbili, ya mtu mmoja mmoja, itakayoandikwa darasani kwa saa mbili, na hiyo ndiyo tutakayoisoma kwa jedwali. Kikundi kitabaki na alama yake, na kila mtu atakuwa na dakika zake kumi. Jedwali litagawiwa siku ya kwanza.

Lililonishinda ni kisa cha shemeji. Nilikijaribu kwa wanafunzi sita kwa hiari yao, na wote sita waliandika kwamba wangejiondoa mara moja na kutoa taarifa kwa maandishi. Majibu safi, yanayofanana kama matofali. Nilipowauliza pembeni, wakati wa kutoka, watatu walicheka. Sijui kama nimepima uadilifu au nimepima tu kwamba wanajua ni jibu lipi mwalimu analitaka.

Mthibiti Ubora (Kampala) anajibu:

Umepima kwamba wanaujua utaratibu, na hilo ni safu moja kati ya tatu. Liandike hivyohivyo katika sura yako, bila kulipamba. Kisha kibadilishe kisa kisiwe na jibu moja safi: ondoa shemeji, weka mkandarasi mwenye bei ya chini kabisa ambaye mhandisi anaamini atashindwa kazi, lakini hana ushahidi ambao kamati inaweza kuukubali. Hapo hawatafanana.

Mhandisi wa Jinja anajibu:

Kisa hicho cha pili ninacho mezani kwangu wiki hii, kwa hiyo mkipata jibu msinifiche. Mwalimu, barua za kwanza zikishaandikwa, nitumie tano bila majina. Nitarudisha kila moja ikiwa na sahihi au ikiwa na sababu ya kutoitia sahihi.